Bomba la Watu Wawili

Mabomba ya kwanza fundi Flaviani aliyatengeneza kumi na mawili, kila mtu na lake. Treni ilikuwa na mabehewa matatu, kila behewa benchi mbili, kila benchi watu wawili. Watu wakishakaa, kila mmoja alishushiwa bomba lake la chuma juu ya mapaja, na kila bomba lilikuwa na komeo lake. Flaviani alipita benchi kwa benchi akivuta kila bomba kwa mikono miwili, kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye ardhi kavu. Akiridhika anainua mkono, na Kalista, msaidizi wake pale chini, anaachia breki.

Treni yenyewe ilikuwa mtumba. Bwana Abdulazizi, yule mwenye maduka Mbinga mjini, aliinunua huko ng'ambo, ikafika Mbamba Bay kwenye kontena mbili imekatwa vipande vipande, mikanda ya viti imeoza. Wakaisimamisha kwenye mteremko juu ya mchanga wa ziwa. Mnyororo unaivuta hadi kileleni, inaachiwa, inaporomoka kuelekea majini mpaka roho inakuja kooni, halafu inapinda, inaruka kigongo cha kwanza, cha pili, inarudi ilikotoka. Watu wakaiita Pandashuka. Kahawa ikishavunwa, fuso ziliteremka kutoka milimani zimejaa watu walioacha shughuli zao waje wapige kelele.

Kazi ya bomba ilikuwa kwenye kile kigongo cha kwanza. Flaviani alikuwa hajasoma zaidi ya darasa la tano, lakini alichomelea vyuma Kyela, Mtwara, na miaka tisa kwenye migodi ya Zambia, na jambo hili alilielewa kwa mwili wake mwenyewe, maana alikuwa wa kwanza kuipanda. Treni inapopita kigongo huanza kushuka, ila mwili haujapata habari, unaendelea kwenda juu. Kwa muda wa pumzi moja mtu hana uzito. Kinachomrudisha kitini ni bomba, basi.

Mwaka wa pili akaletwa meneja, Henry, kijana msomi, mpole, mwenye viatu visivyopenda mchanga. Siku tatu alisimama karibu na reli na simu mkononi, anapima muda. Siku ya nne akamwita Flaviani.

"Mzee, unajua kwa saa moja tunazungusha mara ngapi?"

"Sita. Siku tukichangamka, saba."

"Sita. Kupanda kwenyewe ni dakika moja na nusu. Kufunga watu ni dakika saba. Yaani hapa hatuna treni, tuna ofisi ya kufunga watu. Huko ilikotoka ilikuwa inazunguka mara ishirini."

"Na huko walikuwa wanafungwa na nini zaidi ya ile mikanda iliyooza? Maana mabomba yake sikuyaona kwenye kontena."

Henry akacheka, akamfungulia karatasi. Alikuwa amechora bomba moja refu kwa benchi nzima, la watu wawili. Linashuka kwa meno, tik tik tik, likigusa mapaja linasimama, na pedali moja inafunga benchi zote sita kwa mkupuo.

Flaviani akaufuata mstari wa bomba kwa kidole. Mchoro ulikuwa mzuri, hilo hakubisha.

"Linasimama kwenye mapaja ya nani?" akauliza.

"Ya abiria."

"Abiria wawili, meneja. Mmoja akiwa kama mimi na mwingine kama mama lishe wetu pale, bomba litasimama kwa mama lishe. Mimi nitabaki na nafasi ya kupitisha ndoo."

"Mzee, hatushoni suruali hapa. Tunazuia mtu asiruke."

"Ndicho ninachokuambia."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Flaviani akayatengeneza. Alijiambia kwamba akikataa ataletwa fundi mwingine kutoka Songea, atachomelea ovyo, na watu watakufa. Ni maneno ambayo fundi hujiambia anapotaka kubaki na kazi yake. Lakini aliweka sharti moja, na Henry akalikubali mbele ya Kalista: kila benchi wakae watu wanaolingana miili. Mnene na mnene, mwembamba na mwembamba, mtoto na mtoto mwenzake au mtu mzima aliyekonda.

Kuwapanga ikawa kazi ya Kalista. Alikuwa mtu wa Ngumbo, kando ya ziwa, amekua akipanga mafungu ya samaki sokoni, na jicho lake lilikuwa mzani. Alisimama kichwani mwa foleni anawachambua watu bila haya.

"Wewe kaka wa shati jekundu, muache mchumba. Nenda kakae na yule bwana mwenye kitambi."

"Dada, nimemleta mwenyewe kutoka Kitai, halafu nikakae na mwanamume?"

"Hakimbii, utamkuta. Na wewe bwana kitambi msogelee mwenzio, hang'ati."

Foleni ilikuwa inacheka, na ikicheka inakwenda. Pandashuka ikazunguka mara kumi na tano kwa saa, kisha kumi na nane. Henry aliandika idadi kwenye ubao kila jioni. Akaongeza na sharti lake yeye: treni isiondoke na kiti kitupu. Flaviani aliendelea kuvuta mabomba, ila sasa yalikuwa sita tu, na pedali ilishakanyagwa kabla hajafika la tatu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa ikaja familia kutoka Litembo, kwao Flaviani kabisa. Mtoto wao Oliva, wa miaka kumi, alikuwa amepata Komunyo ya kwanza wiki iliyopita, na hii ndiyo zawadi aliyoichagua, akaja amevaa gauni lile lile jeupe. Aliletwa na baba yake Methodi, mwanamume wa mabega mapana, mama yake Gaudiosa, mwembamba kama mtoto wake, na bibi yake Tadea, mama mzazi wa Gaudiosa, mwanamke mkubwa wa kujaza mlango. Bibi alikuwa amevaa vitenge viwili na sweta, akisema kwamba naye atapanda, aone kitu gani kinawapigisha watu kelele hivyo bila kufiwa.

Zilibaki benchi mbili za nyuma. Kalista akawaangalia mara moja tu.

"Baba na bibi hapa. Mama na mtoto pale."

Hakuna aliyesogea. Methodi aliangalia chini. Tadea akajivuta kitenge na kugeukia ziwani kama aliyeitwa na mtu huko.

"Jamani, watu wanasubiri," alisema Kalista. "Baba, kaa na bibi."

"Huyo ni mama mkwe wangu," alisema Methodi kwa sauti ya chini.

Kalista hakuelewa mara moja, au alielewa akaona ni mambo ya zamani. Lakini foleni ilielewa. Nusu yake walikuwa watu wa milimani. Mkwe kumpa mama mkwe wake mkono tu ni jambo la kufikiriwa. Leo wakae paja kwa paja, chini ya bomba moja, mbele ya halaiki. Mzee mmoja nyuma akasema, "Sasa wanataka kutuvua nguo." Kicheko kilichofuata hakikuwa kama kile cha siku zote.

Henry akatokea kwenye kibanda chake na simu. "Kuna nini? Dakika ya tatu hii."

Flaviani akashuka kutoka benchi ya mbele. Aliona aibu ya Methodi, na ikamwingia kama yake. Yeye mwenyewe, mama mkwe wake alipokuwa hai, walipishana njiani kwa miaka kumi na minne bila kutazamana usoni, na alipokufa alimlilia kuliko mtu yeyote. Akapiga hesabu ya haraka. Methodi na mkewe. Bibi na mjukuu. Au Methodi na mtoto, na bibi na binti yake. Vyovyote alivyowapanga, mtoto au mama yake aliangukia kwa mtu mnene. Kuipangua foleni upya Henry asingesubiri. Palibaki njia moja tu: mmoja wao abaki chini, na treni iondoke na kiti kitupu.

"Mzee," alisema Henry.

"Mtoto akae na bibi yake," alisema Flaviani. "Baba na mama hapa."

Kalista akamgeukia. Mkono wake bado ulikuwa umeelekea kwa mama na mtoto. Methodi akashusha pumzi, akasema, "Asante, baba," na foleni nayo ikatulia. Bomba likashuka tik tik tik, likasimama kwenye mapaja ya Tadea, juu ya vitenge viwili. Flaviani akalivuta. Lilikuwa imara. Kati yake na mapaja ya Oliva angeweza kuweka kichwa chake.

"Shika sana, mjukuu wangu. Usiachie."

"Ndiyo, babu."

"Bibi, mkumbatie."

Akainua mkono.

Kwenye kigongo cha kwanza waliokuwa chini waliona gauni jeupe likipanda, likipita juu ya bomba, likining'inia nje ya behewa. Bibi alikuwa amekamata mkono wa kulia wa mtoto na hakuuachia. Aliushikilia kigongo cha kwanza na cha pili na kona yote ya mwisho, mwili wa mtoto ukijipiga kwenye ubavu wa chuma. Treni iliposimama ilibidi Methodi mwenyewe avifungue vidole vya mama mkwe wake, kimoja kimoja, na wakati huo hakuna aliyekumbuka nani ni mkwe wa nani.

Oliva hakufa. Mbavu zilipona. Hospitali walisema mishipa ya begani imenyofoka, mkono utakuwepo lakini hautafanya kazi.

Mkaguzi alikuja Jumatano. Kabla hajafika, Henry alimvuta Flaviani pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu; hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Flaviani zaidi.

"Mzee, tuseme mtoto alijinasua. Watoto wanajinasua. Hapo wewe umepona, mimi nimepona."

"Mtoto alishika kama nilivyomwambia. Siwezi kumsingizia."

"Basi utasema nini?"

"Kilichotokea."

Akakisema. Alidhani akieleza yote kama yalivyokuwa, lile bomba litang'olewa siku hiyo hiyo. Mkaguzi, mtu mzima mwenye miwani, alimsikiliza kwa heshima na kalamu mkononi.

"Nani alimkalisha mtoto pale?"

"Mimi."

"Kanuni ya kulinganisha miili ulikuwa unaijua?"

"Niliiweka mimi."

"Na bado ukamkalisha."

"Nilimkalisha. Lakini mheshimiwa, bomba lenyewe..."

Mkaguzi akaenda kwenye bomba. Akalishusha, akalivuta, akawaita vijana wawili wa mizigo wakalivuta pamoja. Halikutikisika. Akalipiga picha.

"Komeo halijafunguka. Uchomeleaji ni mzuri sana. Nani fundi?"

"Mimi," alisema Flaviani. "Sikusema lilifunguka. Nasema halikumfikia. Bomba la watu wawili haliwezi kuwafikia wote wawili. Kila mtu alikuwa na lake, mabomba bado yapo stoo, twende nikuonyeshe."

"Mzee, fomu hii ina nafasi ya chanzo kimoja," alisema mkaguzi, naye kama anamwonea huruma. "Na chanzo umeshanipa mwenyewe."

Akaandika: mhudumu alikiuka kanuni ya ukaaji. Henry alisimama pembeni, ametazama mchanga. Flaviani alifukuzwa Ijumaa. Pandashuka ilifunguliwa tena baada ya siku tisa, mabomba yale yale, pedali ile ile. Kalista alimpigia simu kumwambia kuna kibao kipya kwenye foleni, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: WAKWE HAWARUHUSIWI KUPANDA TRENI MOJA.

"Watu wanakisoma wanacheka," alisema. "Juzi tumefika mizunguko kumi na tisa."

"Na wewe unapanga?"

"Napanga, baba. Nikiacha atapanga nani?"

Flaviani aliyatambua. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya siku ile ya mchoro wa Henry.

Mwezi wa kumi na moja akapanda bodaboda hadi Litembo kuiona ile familia. Alikwenda amejiandaa kutukanwa. Njia nzima aliyapanga matusi aliyostahili, na alitaka kuyasikia yote. Tadea akamtolea kiti chenye mgongo. Methodi alisimama nje ya mlango, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa ndani, akamwamkia kutokea huko huko.

"Shikamoo, baba. Umefanya vizuri kuja."

"Marahaba. Nimekuja kuwaambia kosa lilikuwa langu. Nililijua lile bomba, nikamweka mtoto."

"Usiseme hivyo," alisema Tadea. "Ile ni mashine, haina adabu. Wewe ulitutunzia heshima yetu mbele za watu. Yule binti wa ziwani angetuaibisha."

"Heshima haina mkono wa kuandikia, mama."

"Mungu ndiye anajua," alisema Methodi kutoka nje. "Sisi hatuna neno na wewe. Tunashukuru."

Wakamletea ugali na maharage. Alikula, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi. Oliva alikuwa ameketi kwenye mkeka, daftari mapajani, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa zimelala kila upande. Alipomaliza mstari akanyanyua macho.

"Babu, treni ilikuwa lazima ijae?"

Tadea akamwambia anyamaze, mgeni anakula.

"Muache," alisema Flaviani. "Haikuwa lazima."

Mtoto akafikiri.

"Ungeniambia nibaki chini," alisema, "ningebaki tu."

Kisha akainama, akaanza mstari mwingine.