Nyufa za Siku ya Tatu

Miaka thelathini na mmoja nilichomelea chuma bandarini Takoradi, na hakuna nahodha wala mhandisi aliyewahi kunirudishia kazi. Kwa hiyo nilipostaafu nikaitwa kwenye maabara ya chuo kuchomelea vipande vya majaribio, nilikwenda kifua mbele. Mke wangu Akuba hata alinipigia pasi ovaroli.

Aliyeniita ni Araba Essilfie, mtafiti, binti ambaye ningeweza kumzaa. Kampuni moja ya reli ilikuwa imemletea chuma kigumu cha mabehewa ya kubebea madini. Mabehewa yalikuwa yanapasuka kwenye maungio, na wenyewe walitaka kujua: je, chuma hiki kinaweza kuchomelewa hapa hapa kwetu kikashika? Mimi nichomelee vipande viwili viwe kimoja, yeye asubiri siku tatu, akague, kisha avivute kwa mashine mpaka vikatike, apime nguvu zake.

Kumi vya kwanza vilitoka vizuri. Mshono umelala sawasawa kama magamba ya samaki, huoni tundu wala doa. Siku ya kwanza alikagua, vizima. Siku ya pili, vizima. Siku ya tatu akapaka rangi yake nyekundu ya kutafutia nyufa, akafuta, akapuliza unga mweupe juu yake. Pembeni ya mshono ukajitokeza uzi mwekundu, mwembamba kama unywele.

"Mjomba, kimepasuka."

"Hakijapasuka. Jana kilikuwa kizima, umeandika mwenyewe."

"Ndivyo nyufa hizi zilivyo. Zinakuja baadaye, chuma kikishapoa na kutulia. Unyevu ukiingia kwenye mshono unaacha hewa ndani, na ile hewa ndiyo inayopasua taratibu."

"Kwa hiyo chuma kinalala kizima, kinaamka kimepasuka. Kama ndoa."

Alicheka. Siku ile bado tulikuwa tunacheka.

Vipande saba kati ya kumi vilipasuka. Tukarudia. Nikapasha chuma moto kwa gesi kabla ya kuchomelea, mpaka ile chaki yake ya kupimia joto ikayeyuka. Vikapasuka. Nikapiga brashi, nikasugua kwa grenda mpaka chuma kikang'aa kama kijiko. Vikapasuka. Nikapunguza umeme, nikaongeza umeme, nikachomelea polepole, nikachomelea haraka. Kila siku ya tatu ni wimbo ule ule: rangi nyekundu, unga mweupe, na Araba anainama na kurunzi yake.

"Rodi za kuchomelea zilikuwa kavu?" nilimuuliza mara ngapi sijui.

"Naziweka kwenye oveni jioni, digrii mia tatu, usiku kucha. Asubuhi saa moja nazima, zinapoa, saa tatu nakukabidhi. Geji ya joto naiangalia mwenyewe. Mjomba, usitafute mchawi. Mkono wako haukutetemeka?"

Mkono wangu! Niliiweka barakoa yangu mezani nikatoka nje kabla sijasema neno ambalo lisingerudi mdomoni.

Miezi minne ilipita hivyo. Vipande sitini na vinne, arobaini na tisa vina nyufa. Halafu siku moja nikaona ripoti mezani kwake, imefunguliwa. Sisomi sana, lakini nilichokiona kilinitosha: "Chanzo kinachoelekea zaidi ni ustadi wa mchomeleaji."

"Madam," nilimwambia, na sikuwa nimemwita hivyo tangu wiki ya kwanza, "hili ni jina langu umeliandika bila kuliandika."

Uso ulimshuka. "Mkuu wa maabara, Dakta Amissah, anataka jibu. Kampuni inataka jibu. Nimejaribu kila kitu, Mjomba. Kimebaki kitu gani?"

"Nimebaki mimi."

"Sikumaanisha..."

"Ulimaanisha. Umepiga chapa."

Nyumbani nilimwambia Akuba kwamba namaliza mwezi, naondoka. Akuba alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Ukiondoka sasa, watasema kweli alikuwa hajui," akasema. Nilimkasirikia usiku mzima kwa sababu alikuwa sahihi.

Wiki iliyofuata Araba alikwenda Accra kuisoma ripoti mbele ya kampuni. Aliniachia funguo na maagizo: saa tatu asubuhi niwashe oveni, nikaushe rodi za seti ya mwisho, nisiiguse tena mpaka arudi. Nikawasha. Taa nyekundu ikawaka. Mshale wa geji ulikuwa kwenye mia tatu. Nikakaa kwenye kiti nikiitazama ile mashine ya kuvuta kama mtu anayemtazama shemeji asiyemtaka.

Saa sita nikashikwa na njaa. Nilikuwa na kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga niliyemnunua asubuhi pale getini. Ni marufuku kuweka chakula kwenye oveni ile. Imeandikwa kwa herufi kubwa mlangoni, na Araba alikwisha kunionya kwamba mafuta yanaharibu rodi. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hatii kibao. Nikamfunga samaki kwenye karatasi ya foili, nikamsukumia kwenye rafu ya chini.

Nilikusudia dakika tano. Usingizi ukanipitia, nikashtuka baada ya dakika arobaini. Nikaruka na glavu, nikijua nitakuta mkaa. Nikafungua mlango, nikamvuta samaki. Foili haikunichoma. Nikavua glavu. Samaki alikuwa baridi kama nilivyomweka.

Nikashika rafu kwa mkono mtupu. Nikashika rodi. Zilikuwa na vuguvugu la taa ile ndogo, basi. Nikachomoa waya ukutani nikasimama nikitazama geji. Taa ilizimika. Mshale haukutikisika. Mia tatu.

Nilimpigia simu Araba mara sita. Ya saba akapokea, akinong'ona kwa ukali.

"Mjomba, niko mkutanoni. Kuna nini?"

"Oveni ni baridi."

"Umesahau kuiwasha."

"Nimeiwasha saa tatu. Taa inawaka, mshale uko mia tatu."

"Basi ni ya moto."

"Samaki wangu ni baridi."

"Samaki gani?"

"Samaki wangu wa mchana."

"Umeweka samaki kwenye oveni ya rodi?"

"Nimemweka. Nifukuze ukirudi. Lakini kwanza sikiliza. Nimechomoa waya, nusu saa sasa. Mshale bado uko mia tatu. Geji imekufa, Araba. Koili ya kupashia joto imekufa. Hatujui tangu lini."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake watu walikuwa wanagonganisha vikombe.

"Nimeshasoma," akasema.

"Umesoma nini?"

"Ripoti. Nimeisoma saa nne. Wamepiga makofi, Mjomba. Wamesema wataleta wachomeleaji kutoka nje."

Nilikata simu. Nilikaa chini nikamla yule samaki, na hakuwa na ladha yoyote.

Araba alirudi kesho yake, akaja moja kwa moja kutoka stendi, begi bado begani. Akaingiza kipimajoto kingine ndani ya oveni, akawasha, akasubiri saa nzima bila kukaa. Digrii arobaini na moja. Akafungua bamba la nyuma. Koili ilikuwa imekatika mahali pawili, na kutu ilikuwa imeshaota kwenye mikato. Haikukatika jana wala juzi.

"Nimeangalia geji kila asubuhi," akasema. "Kila asubuhi. Sikuwahi hata mara moja kushika rafu kwa mkono." Akanigeukia. "Nisamehe, Mjomba. Nilikuuliza habari za mkono wako."

Nilitaka kumwambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa hiyo nilisema, "Twende kwa Dakta."

Dakta Amissah ni mtu mpole mwenye sauti ya mtu anayesoma matangazo ya msiba. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Ripoti imeshapokelewa," akasema. "Tukiiondoa leo, kesho nani atatuletea kazi? Rudieni vipimo kimyakimya. Baadaye tutaandika marekebisho, taratibu."

"Taratibu mpaka lini, Dakta?" Araba akauliza. "Vijana wachomeleaji wa karakana ya reli watapoteza kazi kwa oveni yetu mbovu."

"Fundi," Dakta akanigeukia, "wewe ni mtu mzima. Mweleweshe."

"Mimi ndiye niliyeandikwa, Dakta. Nimweleweshe nini?"

Alivaa miwani yake akaanza kusoma karatasi nyingine. Tukajua tumeambiwa tutoke.

Araba aliandika barua ya kuiondoa ripoti jioni ile ile kwa jina lake mwenyewe, akaipeleka kwa kampuni bila kumwonyesha Dakta. Mimi nilichukua koili mbovu nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko la Market Circle anayesuka koili za pasi na majiko. Alinisukia mpya, nikaifunga, na safari hii tuliweka vipimajoto viwili. Rodi zilipotoka zilikuwa kavu kweli. Ziliwaka kwa sauti nyingine kabisa, sauti laini, kama mafuta kwenye kikaango kisicho na maji. Nilipoisikia nilitaka kujipiga kofi. Nilikuwa naifahamu sauti ile tangu ujana, na kwa miezi minne nilisikia tofauti yake nikadhani ni ugeni wa chuma.

Vipande kumi na viwili. Siku ya kwanza, vizima. Siku ya pili, vizima. Siku ya tatu Araba akapaka rangi, akafuta, akapuliza unga. Aliinama muda mrefu.

"Viwili," akasema. Alikuwa anatabasamu mpaka machozi yanamlenga. "Mjomba, viwili tu!"

"Mbona unafurahi? Vimepasuka."

"Kutoka saba kwa kumi mpaka viwili kwa kumi na viwili!"

"Nipe nivione."

Tukavikata katikati, tukaving'arisha, tukaviweka chini ya hadubini. Nyufa zote mbili zilianzia mahali pamoja, pale rodi moja ilipoisha na nyingine ikaanza. Nilipakumbuka. Nilikuwa na haraka ya kumaliza, sikujaza lile shimo linalobaki rodi inapoisha. Kosa la mwanafunzi. Araba alikuwa na kalamu mkononi, akaniangalia, hakuandika.

"Andika," nikamwambia. "Hizo mbili ni zangu."

Aliandika. Sikujisikia vizuri hata kidogo. Nilitoka nje nikavuta hewa, nikarudi.

Barua ya Araba haijajibiwa, na hii ni wiki ya sita. Dakta Amissah amejua habari zake, na siku hizi akipita mlangoni kwetu hasalimii. Juzi nilisikia kwamba wachomeleaji wa nje wamefika karakana ya reli, na wamekabidhiwa rodi kutoka kwenye boksi lililokaa wazi msimu wote wa mvua. Nilimweleza Araba. Alipiga ngumi mezani, kisha akauliza kama seti nyingine tuanze kesho yake, Jumatano, au Alhamisi, maana ukianza Alhamisi siku ya tatu inaangukia Jumapili na hakuna atakayefungua geti.

"Jumatano," nikasema, nikaenda kuwasha oveni ili rodi zikauke usiku kucha.