Vidonge vya Kiema

Katuku alitoka Mraru na neno moja moyoni: kaka yake analishwa kitu.

Kiema alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mjini Voi, mtu wa kelele na vicheko, mpaka kiharusi kilipomwangusha kazini. Mkono ulianza kupata nguvu, ulimi ukarudi, lakini mwenyewe hakurudi. Alilala akiutazama ukuta. Hali, hasemi, na akiguswa bega analia.

Mtu gani anapona huku anakauka? Hapa pana mkono wa mtu, Katuku aliwaza. Na mtu mwenyewe ni nani, kama si Wayua, mke wa kaka yake?

"Wifi, wewe pumzika," akamwambia. "Jikoni niachie mimi."

Akapika muthokoi wa mahindi na maharagwe, akauonja kwanza, akamlisha Kiema mwenyewe. Kiema akatema. Kesho yake vilevile. Shaka haikupungua, Katuku alijiambia sumu ilishatangulia.

Ndipo alipomfuma Wayua akifungua fundo la leso, akimtilia mumewe kitu mdomoni. Akamrukia na kumpokonya. Vidonge!

"Unamuua!"

"Ni vya daktari," Wayua akasema. "Nilivificha kwa sababu mngesema nimemfanya kichaa."

"Basi nipeleke kwa huyo daktari, nimsikie mwenyewe."

Daktari Wakio aliviangalia vile vidonge, akatikisa kichwa kukubali.

"Nilimwandikia mimi. Kiharusi hakikugusa mkono peke yake, mama. Kimeumiza pia njia za ubongo zinazobeba hamu na furaha. Mawazo anayo, nani angekosa? Lakini hii huzuni ni ugonjwa wenyewe, si uvivu, si kurogwa."

"Mbona hajapona?"

"Dawa hii ni ya polepole. Mpeni wiki kadhaa, na msimwache peke yake."

Katuku alimrudishia Wayua vidonge, ila hakuamini yote. Siku nyingi bado alichungulia mlangoni saa ya dawa.

Kisha asubuhi moja Kiema akajiinua kitandani, akajipapasa kidevu.

"Ninyoeni hizi ndevu," akasema. "Nimekuwa kama beberu."

Wayua akakimbilia wembe. Katuku akashika karai la maji. Alitaka kuomba msamaha, badala yake akalisogeza karai karibu mno, maji yakammwagikia Kiema kifuani.

"Shika vizuri, wifi," Wayua akasema bila kumtazama. "Unamlowesha."