Egemea Baada ya Ngome

Egemea ni nchi isiyoonekana katika ramani yoyote, lakini kila aliyepata kumtwika mwenzake mzigo wake mwenyewe amelala huko walau siku moja. Nyumba zake zilijengwa kwa kuegemeana, ya maskini kwenye ukuta wa tajiri, na ya tajiri kwenye ukuta wa serikali. Na ukuta wa serikali uliegemea nini, hakuna aliyepata kuuliza. Watu wake walikuwa wapole, wakarimu na mahodari wa kusifu. Walikuwa na ila moja tu, kwamba wakimpata mtu wa kuwafanyia jambo, wao waliliacha jambo hilo wasiliguse tena.

Mpakani mwa Egemea na nchi ya Shambulio palikuwa na Chemchemi ya Neema, wala hapakuwa na maji mengine ya kuwatosha watu na mifugo. Mababu wa nchi hizo, walipochoka kuzikana, walifukia panga zao wakaafikiana kwamba ugomvi wa maji uamuliwe kwa kandanda. Kila mwaka timu zao zilikutana mara mbili, kwanza Egemea, kisha Shambulio. Mshindi alimiliki chemchemi mpaka mwaka uliofuata, na ikiwa sare, maji yalibaki kwa aliyekuwa nayo. Egemea iliyashika kwa muda mrefu hata watoto wake hawakujua kiu ni kitu gani, na fadhila ya neema hiyo yote ilirudishwa kwa mtu mmoja, beki wa kati aliyeitwa Ngome.

Ngome alikuwa mrefu, mpana wa kifua, na mwepesi wa kuitambua nia ya adui kabla adui hajaitambua mwenyewe. Sifa zake zilivuka uwanja zikaingia majumbani. Mama mwenye mtoto wa homa alilitaja jina la Ngome kabla ya kutafuta dawa, na wenye maduka walilala milango wazi, wakiulizana ni mwizi gani atakayethubutu kupita katika nchi yenye Ngome. Mapenzi hayo yalizaa sheria. Uwanja wa Egemea ulipigwa mistari ya chokaa na kila mchezaji akaapishwa kwenye kipande chake. Na kipande kilichokuwa mbele ya lango kilikuwa cha Ngome peke yake, katika mechi na katika mazoezi. Mwingine kukikanyaga kulikuwa kosa la kuvunja heshima. Adhabu yake ilikuwa Nyika ya Kusahauliwa, ambako mkosaji huishi peke yake, jina lake halitajwi tena na jamaa zake, na mtoto wake huitwa kwa jina la baba mwingine.

Basi asubuhi moja ya mazoezi goti la Ngome lilitoa mlio uliosikika mpaka jukwaani, na waganga walipolitazama wakasema kwamba hatacheza tena. Hofu iliingia Egemea kama maji yanavyoingia nyumba ya bondeni. Wenye maduka walifunga milango adhuhuri, wanawake walijaza kila chombo maji mpaka vikombe vya kahawa, na wazee walionekana wakikagua kuta zao kana kwamba zimeanza kuinama siku ile. Mwalimu wa timu, aliyeitwa Shaka, alikwenda mbio kwa Kadhi Desturi, mtunzaji wa sheria za nchi.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema, "mechi imekaribia. Nimweke nani?"

"Umweke nani wapi?"

"Mahali pa Ngome, Mheshimiwa."

"Astaghfirullah! Mahali pale pana adhama, Mwalimu. Paache patupu, paombolezwe."

"Na Radi wa Shambulio akipita hapo?"

Kadhi alijibu kwa utulivu, "Ataona haya."

Radi hakuona haya. Siku ya mechi, mshambuliaji huyo wa Shambulio alisimama kwanza mbele ya kipande kile kitupu, akidhani ametegewa mtego, kisha akapita, akafunga. Akapita tena, akafunga tena. Mabeki wa Egemea walisimama kwenye chokaa zao wakimtazama, mmoja huku na mmoja kule, wote wanyofu wa sheria. Washambuliaji wao, kwa nguvu ambazo woga huwapa watu, walirudisha mabao yote mawili, lakini muda ulipokaribia kwisha Radi alichukua mpira kwa mara nyingine akaelekea palepale.

Hapo ndipo beki wa kulia alipovuka mstari. Jina lake lilikuwa Thubutu, mtu mfupi, wa kawaida, ambaye hakuwahi kuimbiwa wimbo na mtu yeyote. "Makini, sogea!" alipiga kelele. "Tulia, ingia ndani! Msiniache peke yangu!" Makini na Tulia, mabeki wenzake, walisogea kabla hawajakumbuka kuogopa. Thubutu hakumpokonya Radi mpira. Alimchelewesha tu, na Makini akaja akauondoa. Filimbi ikalia, mbili kwa mbili. Hapana aliyepiga makofi. Askari walikuwa tayari kando ya uwanja na kamba mkononi.

Mke wa Thubutu, Faraja, mjamzito aliyekaribia kujifungua, aliruhusiwa kumwona gerezani.

"Mume wangu, hukuijua sheria?"

"Niliijua."

"Basi hukunikumbuka mimi? Hukumkumbuka huyu niliye naye tumboni?"

"Niliwakumbuka, Faraja. Nilimwona Radi anakuja, nikaona mtungi wetu hauna maji."

"Mimi naogopa," alisema Faraja.

"Mimi pia naogopa," alijibu Thubutu.

Baraza lilijaa siku ya hukumu. Mshitaki alikuwa Bwana Sifa, msemaji ambaye hotuba zake zilikuwa tamu hata aliyehukumiwa kwa sababu yake aliondoka akizikariri. Alisimama, akavuta joho lake, akasema:

"Mheshimiwa Kadhi, mtu huyu hakukanyaga chokaa. Amekanyaga shukrani ya taifa. Ikiwa beki yeyote aweza kusimama aliposimama Ngome, basi Ngome alikuwa nani? Na ikiwa Ngome hakuwa kitu, sisi tuliolala usingizi mnono kwa ajili yake tulikuwa wapumbavu? Namuuliza mshitakiwa: wewe ni sawa na Ngome?"

"La, Bwana Sifa. Mimi si nusu yake."

"Ulijiona shujaa?"

"Hapana. Niliiogopa sheria, lakini Radi nilimwogopa zaidi."

"Sasa kama wewe si nusu ya Ngome, ulitaka kufanya nini pale?"

"Ndiyo maana niliwaita wenzangu," alijibu Thubutu. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Robo yangu, robo ya Makini, robo ya Tulia, na kelele za mlinda mlango. Tulikuwa tukitafuta kumtimiza mtu mmoja, Mheshimiwa, na bado tulipungua."

Watu walinong'ona kwa ghadhabu, kwani hesabu hiyo iliwatisha. Bwana Sifa, akitaka kummaliza, aliomba Ngome mwenyewe aletwe aseme jinsi alivyodhulumiwa. Ngome aliingia akiegemea magongo mawili, na baraza zima likasimama kwa taadhima. Wengine walilia. Yeye alimtazama Thubutu kwanza, kisha Kadhi.

"Nani aliamuru mahali pangu paachwe patupu?" aliuliza.

"Ni kwa heshima yako," alisema Kadhi Desturi.

"Heshima yangu ilikuwa kuzuia mabao. Siku ile nilikaa dirishani nikasikia nchi yangu ikifungwa mara mbili kwa jina langu." Aliligusa goti lake kwa ncha ya gongo. "Nitawaambieni jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu. Goti hili liliniuma msimu mzima. Nilinyamaza. Kila nilipotaka kusema niliwatazama mlivyokuwa mmelala, nikaogopa kuwaamsha. Nilitaka kumfundisha mtu, lakini sheria yenu ilimzuia kila mtu kusimama karibu nami. Mlinipenda mpaka mkaninyima msaidizi. Nilikuwa na hofu kuliko ninyi nyote, kwa kuwa mimi peke yangu nilijua siku yenyewe inakuja."

Bwana Sifa aliketi, akalikunja joho lake.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema Ngome. "Lakini ninyi mmevunjikiwa na koleo, mkafunga kiwanda, na sasa mnataka kumfukuza mhunzi."

Kama Kadhi Desturi angekuwa jasiri, kisa hiki kingekoma hapo. Lakini alikuwa mtu wa Egemea, na hukumu yake nayo ilitafuta mahali pa kuegemea. Alifuta jasho akasema, "Sheria ya mistari inasimamishwa kwa mechi ya marudiano. Mshitakiwa atacheza. Ikiwa chemchemi itabaki kwetu, hana hatia. Ikiwa itapotea, atatoka uwanjani moja kwa moja kwenda Nyika ya Kusahauliwa, bila ya kupita nyumbani kwake."

Faraja alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Mzigo ambao jana ulikuwa wa Ngome ulikuwa umehamishwa wote mgongoni mwa mumewe, na nchi nzima ikashusha pumzi.

Thubutu alikataa kuubeba hivyo. Siku zilizobaki hakuomba kufundishwa peke yake. Ngome alikaa kitini kando ya uwanja, na chini ya macho yake mabeki wote, pamoja na wachezaji wa kiungo, walijifunza jambo moja mpaka wakalichukia: akitoka mmoja, anayefuata anasogea, na nyuma yake anasogea mwingine. Mwalimu Shaka, ambaye tangu azaliwe hakuwa na hakika ya jambo, alilisema hilo hata mezani akila.

Mechi ya pili ilichezwa Shambulio, jua likiwa kali na mashabiki wa wenyeji wakipiga ngoma kana kwamba wanazika mtu. Waegemea waliosafiri na timu, Faraja miongoni mwao, walikaa wamekumbatiana. Radi alikuja mara nyingi akakuta watu kila alipogeuka, lakini Thubutu alikuwa akichoka, na kila mpira ulioruka juu ya lango ulimfanya Faraja afumbe macho. Nyuma ya goli askari wawili wa Kadhi walingoja na farasi wa tatu asiye na mpandaji.

Muda ulipokuwa ukingoni, Thubutu alijirusha mbele ya shuti la Radi, akalizuia, mpira ukatoka nje kando ya lango, na mguu wake ukapinda chini yake. Hakuinuka. Walipombeba nje, kilio kilipanda jukwaani: "Tumekwisha! Mahali patupu! Mahali patupu!" Faraja alishuka akikimbia jinsi alivyoweza, akapiga magoti karibu naye kando ya mstari. Kona ikapigwa.

Makini alikuwa amekwisha kuingia mahali pa Thubutu. Tulia alikuwa mahali pa Makini, na kiungo mmoja, ambaye hata wenye nchi hawakulijua jina lake, alikuwa ameshuka mahali pa Tulia. Hapana aliyewaamuru wala aliyeomba idhini. Radi aliruka, akakuta mtu ameruka naye. Mpira ukarudi chini, akakuta mguu wa mwingine. Mlinda mlango akaulalia, na filimbi ikalia bila bao. Jukwaani Kadhi Desturi alikuwa amesimama, macho yake yakizunguka uwanja kutafuta pale mahali patupu ili apaogope, wala hakupaona.

Thubutu, amelala kichwa mapajani mwa mkewe, alitazama pale alipokuwa amesimama na kuona pamejaa. Moyo ulimchoma kidogo kwa kuona hakukosekana. Kisha akawaona askari wakigeuza farasi wote watatu na kuondoka, akamshika Faraja mkono, akalia bila haya, kwa kuwa usiku ule angelala nyumbani kwake.