Mwisho wa Wiki Khujand

...na chai ya kwanza Husrav ameimimina, hapa kwenye mgahawa wa chai uliojaa wazee, ameirudisha ndani ya buli kama desturi inavyotaka, mara tatu ndipo inywewe, basi Mohira ana muda wa kulipanga jibu lake, ingawa jibu analo tangu Dushanbe, amelibeba safari nzima, milima yote ile na theluji yake na handaki refu linalonuka moshi, jibu la neno moja, sihami, wala halimsumbui, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye mafundi sita chini yake hababaiki kwa neno moja... Husrav, mumewe, anasema nyumba yenyewe ya kuhamia ina ua, Mama Tahmina, ina miti miwili ya aprikoti, unatoka tu mlangoni unauona mto, na sauti yake ni ile ile ya simu za kila Ijumaa kutoka Yekaterinburg, kibaruani Urusi, miaka kumi na mmoja ya Ijumaa, sauti ya mtu anayepaza ili asikike kutoka mbali, na hali yuko hapa, ng'ambo ya meza, mvuke wa buli unampanda usoni, na nyuma yake dirishani ukungu umeufunika mto hata ng'ambo haionekani... siku mbili tu, alimwambia, tukapumzike, wewe hujawahi kupumzika, na kweli hajawahi, lakini Mohira si mtoto wa jana, mtu hapandishwi milima katikati ya baridi kwenda kuangalia maji, alijua kuna jambo, na jambo likatoka jana kabla hata hawajavua makoti, tuhamie huku nilikokulia, turudi kwetu... kwetu wapi? Kwetu kwa Mohira ni ile nyumba ya ghorofa ya tatu kule Dushanbe, alikofia mama mkwe, na yeye ndiye aliyemwosha, yeye na majirani wawili, umeme umekatika, maji wameyachemsha nje kwa kuni, na Husrav kwenye simu analia, hajapewa ruhusa kazini, naye akamwambia tulia, nimemwosha vizuri, nywele nimemsuka mwenyewe... kwetu ni chumba cha ushonaji, kilichoanza na cherehani moja ya kukanyaga, wasichana wanaingia hawajui kupitisha uzi kwenye sindano, wanatoka wakishona gauni la bibi harusi, na Saodat, aliyeachwa na mumewe kwa ujumbe wa simu, miezi mitatu hakusema neno, sasa anashona huku anaimba, tena anaimba vibaya, na hakuna anayemnyamazisha, nani atawafungulia mlango kesho, miti ya aprikoti?

"Unanisikia?" Husrav akauliza.

"Nakusikia."

Na anamsikia, anasema ndugu zake wako hapa, watu wanamjua hapa, chai ya pili imemiminwa na mkono wake, mkono uliobeba matofali kwenye baridi isiyo na huruma, wanamjua... lakini jana, pale daraja lilipoishia, alikuwa akimwonyesha, hapa palikuwa na kinyozi wetu, hapa tulikuwa tunaogelea, na kinyozi hakuna, pamejengwa benki, na mama mmoja muuza mikate akawatazama akauliza kwa upole, nyinyi wageni, mmetoka wapi? Husrav alinunua mikate minne, watu wawili, mikate minne, akaikumbatia kifuani njia nzima, na Mohira akadhani ni njaa... haikuwa njaa. Na kule nyumbani, tangu arudi kutoka Urusi mwezi wa tisa, anauliza kikombe kinakaa wapi, taulo lake ni lipi, anabisha hodi kwenye chumba cha kulala, chumba chake mwenyewe, anasimama nje mpaka aambiwe karibu, na yeye Mohira, mdomo umejaa pini, ndiyo, alisema karibu, kila siku alisema karibu kama anavyoambiwa mteja, hakuwahi kumwambia usibishe, hiki ni chako... kumbe yeye Mohira hakuletwa huku atolewe kwenye kazi yake, mtu huyu anatafuta tu mlango mmoja duniani asioubishia hodi, na ameukosa Dushanbe, ameukosa na hapa, anajua ameukosa, ndiyo maana anaisifia nyumba ya watu kama dalali... na neno lake, sihami, bado lipo, halijapungua, chumba cha ushonaji hakifungwi, Saodat hanyamazishwi, ila Mohira alilileta kama komeo, na sasa analigeuza mdomoni, linageuka, lina upande wa pili ambao hakuwa ameuona, na moyo wake umetulia kabisa, kama mkasi unapoufuata uzi ulionyooka wa kitambaa, unateleza wenyewe, hauombi tena msaada wa mkono.

Buli limeinuka kwa mara ya tatu. Ukungu haujasogea, mto haujaonekana, na mezani hakuna aliyegusa kitu. Mohira akainuka, akaizunguka meza, akaketi upande wa mumewe, bega kwa bega, mbele ya wazee wote waliokuwa wakinywa chai.

"Mimi sihami, Baba Tahmina," akasema. "Na wewe huendi tena popote."