Imejaribiwa, Ni Nzima

Ilianza na pasi. Mke wangu aliniita kutoka chumba cha nyuma akasema haishiki moto, nami nikafurahi, maana tangu nifunge kibanda changu cha kutengeneza redio hakuna kilichokuwa kinanipa sababu ya kuvaa miwani yangu ya kazi. Nikachukua bisibisi, nikaifungua mezani. Waya mzima, plagi nzima, koili nzima. Nikaichomeka ukutani, ikashika moto hadi nikaungua kidole.

"Ilikuwa na nini?" akauliza.

"Waya ulilegea. Nimekaza."

Huo ulikuwa uongo, ila uongo wa kikazi. Kwa miaka arobaini na moja nilikaa kwenye kile kibanda, na sikupenda hata siku moja kumwambia mteja kwamba kitu chake hakina ubovu. Mtu kabeba redio begani kutoka mbali, kasimama juani, halafu umwambie kajisumbua bure? Ataona aibu. Mwambie waya ulilegea, aondoke na heshima yake. Kila kilichoingia kibandani nilikifungia kikaratasi kwa uzi. Upande wa mbele niliandika maneno ya mteja, vilevile alivyoyasema, na upande wa nyuma niliandika nilichokikuta. Nisipokuta ubovu niliandika, "Imejaribiwa, ni nzima," kisha nikakichana kabla mwenyewe hajaja kuchukua.

Nimestaafu na tabia hiyo. Na pasi ya mke wangu nikaifungia kikaratasi. Mbele: "Haishiki moto." Nyuma nikaandika ukweli, nikakitumbukiza kwenye kopo la biskuti ninamowekea skrubu. Sikukichana. Nilijiambia humu ndani hakuna mtu wa kukisoma.

Mke wangu alikuwa opereta wa simu. Miaka thelathini alikaa mbele ya ubao wa kuunganishia, vifaa masikioni, mikono miwili ikichomeka na kuchomoa nyaya, na namba za mji mzima zilikuwa kichwani mwake. Watu walikuwa hawamtajii namba. Wanasema tu, mama, nipatie daktari wa meno, naye anachomeka bila kutazama. Hata baada ya kustaafu ungemwuliza namba ya duka la viatu lililokufa zamani, angekutajia huku anachambua mboga. Mimi nilikuwa naijua moja tu, ya kibanda changu, kwa sababu niliipaka rangi juu ya mlango. Nilimwita Opereta, akaniita Fundi, na tuliitana hivyo hadi majina yetu ya kweli yakabaki kwenye vitambulisho.

Baada ya pasi ikaja rimoti ya televisheni. Nikaifungua, nikabadilisha betri ambazo hazikuwa zimeisha. Kikaratasi chake kikaingia koponi, na vyote vilivyofuata. Ikaja mashine ya kufulia, ile aliyotuletea binti yetu, yenye vitufe kumi na vinne na inayoimba inapomaliza kazi. Opereta akasema imegoma. Nikakuta mlango haukufungwa vizuri, nguo kavu, na katikati ya nguo kuna kipande cha sabuni ya kuogea na kijiko cha chai. Kijiko nikakirudisha jikoni kimyakimya. Ile mashine nikaitukana mbele yake, yenyewe na kiwanda chake na walioisanifu.

"Hawa watu hawapendi wazee," nikasema.

"Wanatupenda," akasema Opereta. "Ndiyo maana wametuwekea na wimbo."

Tukacheka. Ikawa ndiyo desturi yetu kila asubuhi kwenye chai, kuwasema watu wa viwandani ambao hatukuwahi kuwaona. Nakiri kwamba nilikuwa nayafurahia mazungumzo hayo. Nilipata kazi tena, na nilipata mtu wa kunisifu kwa kazi.

Kisha jiko la umeme. Akasema haliwaki, kumbe limewaka, ila alizungusha swichi ya sahani nyingine ya kupikia, na juu ya hiyo sahani kulikuwa na beseni la plastiki. Nilipofika jikoni beseni limeyeyuka na kulala kama ugali uliomwagikiwa maji, moshi umejaa, na yeye amesimama mlangoni ameshika sufuria akisubiri maji yachemke. Nikamwambia swichi zimepishana huko ndani. Nikakaa siku nzima na kopo la rangi nyekundu nikichora alama kwenye swichi na kwenye sahani. Nilijua swichi hazijapishana. Nilikuwa nimelifungua jiko lote na nilijua.

Simu ndiyo iliyonimaliza.

Binti yetu ni muuguzi katika mji mwingine. Humpigia mama yake kila Jumamosi saa nne asubuhi, wakati mimi nimetoka kwenda sokoni. Mwezi wa nane nikarudi na kapu langu nikamkuta Opereta amekaa mezani, kavaa gauni lake la bluu lenye vifungo vikubwa, kashika tama, simu iko mbele yake.

"Leo hajapiga," akasema.

Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo. Na iliyofuata. Ya nne nikamkuta analia, na huyu si mwanamke wa machozi ya karibu. Alisema labda ile mara ya mwisho alimwambia mtoto neno baya. Alisema labda mume wa mtoto kamkataza. Alijaribu kukumbuka kosa lake na hakulipata, na kutolipata kukamtesa kuliko kosa lenyewe.

Damu ikanichemka. Nikatoka uani na simu yangu ndogo ya vitufe, nikampigia binti.

"Mama yako umemtupa kwa kosa gani?"

"Nimemtupa vipi, Baba? Nimeongea naye leo asubuhi. Nusu saa nzima. Tumecheka sana."

"Usinifanye mtoto."

"Baba, nisikilize kidogo. Mama siku hizi anarudia..."

Nikakata. Alipiga tena na tena, sikupokea. Kwangu mimi mteja ndiye anayesema kweli. Mteja wangu alikuwa ndani anafuta macho, na mteja alisema simu haiiti.

Tatizo, simu za siku hizi hazifunguki. Mimi ni fundi wa vitu vyenye skrubu. Hii imebandikwa kwa gundi pande zote, huna pa kuingizia hata ukucha. Nikaimezea kwa Jumamosi nyingine kadhaa, naye akaendelea kulia, hadi Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja nikapiga moyo konde nikaipeleka kwa mama mmoja anayetengeneza simu chini ya ngazi za jengo la sokoni. Nilikuwa sijawahi kupeleka kitu kwa fundi mwingine maishani mwangu. Nikaifungia kikaratasi: "Haiiti."

Alikisoma, akanitazama vizuri, akanijua.

"Karibu, Fundi," akasema. Akatoa kigoda. Akachomeka nyaya zake, akapiga, ikaita. Akapiga tena, ikaita.

"Simu nzima, baba."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta."

"Mteja anasema haiiti. Miezi mitatu haiiti."

Akabonyeza kioo mara mbili tatu, kisha akakigeuza upande wangu na kushusha sauti, kwa sababu kulikuwa na watu wengine wanaosubiri. "Hizi ndizo zilizopokelewa. Jumamosi hii, saa nne, Binti, dakika thelathini na mbili. Jumamosi ile, Binti, ishirini na saba. Ile nyingine, arobaini." Kidole chake kikaendelea kupandisha. Hakuna Jumamosi iliyokosekana.

"Na hizi nilitaka kukuuliza," akasema. "Kuna mtu anapiga namba za tarakimu nne. Namba hizi hazipo, baba. Zinakataa zote."

Nikavaa miwani ya kazi. Nyingi sikuzijua. Bila shaka daktari wa meno alikuwemo, na duka la viatu. Moja niliijua. Niliipaka mwenyewe, rangi nyeupe, juu ya mlango wa kibanda nilichokifunga miaka kumi na moja iliyopita. Mke wangu alikuwa ameipiga mara kumi na tisa, nyingine nikiwa chumba cha pili.

Yule mama aligeuza kikaratasi changu, akaandika nyuma kwa kalamu yake, "Nzima," akanirudishia simu kwa mikono miwili. Nikatoka, nikaketi kwenye ngazi za jengo. Watu walinipita na mikoba yao. Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kusema, niliogopa kama sijawahi kuogopa. Pasi ilikuwa mwezi wa pili. Siku ile ningemwambia, Opereta, pasi hii haina kitu, twende tukaonane na daktari. Binti yetu ni muuguzi, angejua pa kuanzia. Badala yake nilimkazia waya ambao haukulegea, nikamkazia na wa pili na wa tatu, miezi tisa, naye akanishukuru kila mara.

Nyumbani nilimkuta mezani na lile gauni la bluu, ingawa ilikuwa Jumatatu.

"Ilikuwa na nini?" akauliza.

Nilifungua kinywa nikiwa nimekusudia kusema. Naapa nilikusudia.

"Waya ulilegea," nikasema.

Akanitazama, kisha akaitazama simu mkononi mwangu.

"Fundi," akasema. "Ile simu haina waya."

Nikaiweka simu mezani.

"Miaka thelathini nimeshika nyaya. Waya nitadanganywa na wewe?"

Akainuka, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kopo la biskuti. Akamimina mezani. Skrubu zikabiringika hadi sakafuni, na vikaratasi vikabaki, kumi na saba na nyuzi zake. Akavipanga kwa safu, mbele juu, maneno yake mwenyewe: haishiki moto, haibadilishi, imegoma, haliwaki. Kisha akavigeuza kimoja kimoja, kwa utaratibu wake wa kazini. Imejaribiwa, ni nzima. Imejaribiwa, ni nzima. Sikuweza kuvitazama hadi mwisho.

"Nilivikuta siku moja," akasema. "Nikavisoma nikaelewa. Halafu nikasahau, nikavikuta tena. Sijui ni mara ya ngapi naelewa."

"Sikutaka uone aibu."

"Binti huwa anapiga?"

"Kila Jumamosi."

Akaketi. Uso wake haukubadilika, ila mikono ilianza kusugua meza.

"Nilidhani mwanangu amenitupa," akasema. "Jumamosi zote hizo, Fundi. Nimemlilia mtoto anayenipigia. Ungeniambia kwamba nasahau, ningelia kwa hilo. Hilo lingekuwa langu. Umeniacha nilie kwa la uongo."

Nilitaka kumshika mkono lakini sikuona kama nina haki. Nilimwomba radhi. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. Baadaye akavuta kikaratasi kitupu, akachukua penseli yangu, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka. Akakitunga uzi na kuanza kukifunga kwenye kifungo cha juu cha gauni. Alihangaika sana na ule uzi. Fundo lilimponyoka mara nne, na mara zote nne nilijizuia kumsaidia. Alipomaliza akahama kiti chake, akakaa upande wa pili wa meza, upande wa wateja, mikono mapajani.

Nikavaa miwani. Kikaratasi kilisema: "Inasahau. Usiniambie ni waya."

Nikakigeuza. Upande wa nyuma ni wa fundi, na fundi alikuwa mimi. Nikashika penseli. Katika miaka arobaini na moja niliandika mambo mengi upande ule, mengine nikayaacha na mengine nikayachana. Hili sikuwahi kuliandika. Nikaandika: "Sijui kutengeneza."

Akakiinua, akasoma, akakitazama tena.

"Asante, Fundi," akasema, na niliona amepumua.

Nikampigia binti palepale, nikamwambia aje. Hakuniuliza aje kufanya nini. Alisema tu, nakuja kesho, Baba, na nikasikia anajizuia kulia, kama mama yake. Kisha nikaokota skrubu sakafuni, nikapika chai kwa kufuata zile alama nyekundu, nazo zikafaa kitu. Tukanywa. Siku hiyo hatukuwasema watu wa viwandani.

Alipofika nusu ya kikombe, Opereta akaitazama simu iliyokuwa mezani.

"Na huyu mtoto," akasema, "mbona hapigi?"

"Anapiga," nikasema. "Jumamosi amepiga. Mmeongea dakika thelathini na mbili."

"Kweli? Tumecheka?"

"Mmecheka sana."

Akatabasamu, akaweka kikombe chini. Mkono wake ukagusa kile kikaratasi kwenye kifungo. Akainamisha kichwa kukitazama, akakishika kwa vidole viwili, akakisoma upande wa mbele, kisha akakigeuza, kwake ikiwa mara ya kwanza.