Shayiri ya Kikao

Jumatano asubuhi Mariana aliloweka kopo zima la shayiri kwenye ndoo ya plastiki, akaifunika kwa kanga na kuiweka jikoni kwake, Somanda. Inakaa siku tatu mpaka ichachuke. Ndivyo alivyofundishwa na sista mmoja wa Ayalandi ambaye Mariana alikuwa akimpikia misheni: unachuja, unaacha weupe utulie chini, unamwaga maji ya juu, kisha unaukoroga ule weupe motoni hadi uwe mzito. Ukipoa unaganda. Kwao Ayalandi wanamalizia nao mlo, kwa maziwa na asali.

Siku hizo tatu Mariana hakutulia hata kidogo. Alifagia uwanja ambao alikwisha kuufagia. Alitoka hadi barabarani akarudi bila kukumbuka alichofuata. Jumamosi ukoo wa marehemu mumewe, Paschal, ungekaa kikao kuhusu nyumba hiyo, na yeye hakuwa na nyingine. Matofali yake alikuwa ameyafyatua kwa mikono yake mwenyewe, akiwa mjamzito.

Ijumaa shemeji yake, Mboje, alipiga simu. Alimwambia asiwe na wasiwasi, hakuna wa kumtoa. Ndoo ikatikisika mpaka kanga ikadondoka. Mariana akaiokota, akafunika tena. Shayiri ya sista ikisikia uongo hutetemeka, ndiyo maana misheni hawakuiweka mezani wakija wakubwa. Ilikuwa inachafua vitambaa.

Jumamosi walifika watano. "Mwadila," wakasalimiana, wakakaa, Mariana akawagawia mabakuli ya ile shayiri. Mboje akaeleza kwamba Paschal, akiwa kitandani hospitalini, alimwachia yeye nyumba kwa mdomo. Mabakuli yote yakatetemeka, vijiko vikalia. Amoni, katibu wa ukoo, akaliinua la kwake lisilowanishe karatasi, akaendelea kuandika.

"Mayu, na wewe sema," Mariana akamwomba mama mkwe wake, Nyanjige.

"Nyumba hii walijenga wawili," alisema bibi. "Paschal aliniambia mke wake asisumbuliwe."

Mabakuli yakatulia tuli. Mariana alipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Mayu anasema kweli, hata mimi nimeona," Mboje alikubali, akajiongezea asali. "Lakini jambo hili tulishalimaliza wiki iliyopita kule Kiloleli. Leo tumekuja kumjulisha tu."

Mariana aliyaangalia mabakuli, moja baada ya jingine. Hakuna lililotikisika.

Wakatia saini muhtasari. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Bibi Nyanjige alilia kidogo, kisha akamaliza chakula chake, maana kilikuwa kitamu. Mboje alikomba bakuli mpaka likang'aa, akaomba la pili.

"Shemeji, kabla hujahama umwelekeze mke wangu kupika hiki."

"Nitamwelekeza," alisema Mariana.

Bakuli alilokuwa anamkabidhi likatetemeka, maziwa yakamwagika juu ya muhtasari. Amoni alipangusa kwa mkono wa shati, akauliza kama kuna mengineyo.