Wageni Waliopitia Jikoni

Kwa miaka kumi na tisa, Kobe, mtunza bustani, alikuwa na bustani nzima peke yake. Haikuwa yake, lakini mwenyewe, bibi mmoja asiyekuwa na mume wala mtoto, alishuka humo mara moja tu kwa wiki, akanywa chai chini ya mkomamanga, akasema "vizuri", akarudi ndani. Jina la Kobe alipewa na mkewe kwa ajili ya mwendo wake. Angeweza kupogoa mti mmoja wa waridi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na ukimuuliza mbona anachelewa, anakujibu kwamba waridi halina safari. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko watu wawili waliobebana, na nje yake mji ungeweza kupiga honi mpaka ukaukwe na koo.

Bibi alipofariki, wosia ukasomwa: bustani amewaachia watu wa mji, waitembelee. Kobe alijiona kama mtu aliyeambiwa chumba chake cha kulala kinageuzwa stendi.

Halmashauri ikamleta Mbunifu, binti wa miaka thelathini hivi, michoro kwapani kama mtu anayehama na mkeka wake. Alisema ameshabuni bustani nyingi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Kobe: akikanyaga tuta anaomba radhi, akikaribishwa chai anakunywa. Ila alikuwa na yake. Njia iliyonyooka alitaka ipindwe, ili mgeni asimalize kila kitu kwa jicho moja. Kobe akamwambia mtu mwenye akili hazunguki wakati anapaona anapokwenda. Atakata katikati na maua atayakanyaga. Mbunifu akatabasamu, njia ikapindwa. Mawaridi arobaini yalitakiwa yahamie upande wa pili, na Kobe akayahamisha kwa mkono wake, mti mmoja kwa siku, akitumaini binti atachoka kabla hayajaisha. Hakuchoka.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mlango. Nyumba ya Kobe iliegemea ukuta ule, na jikoni kwake palikuwa na kimlango cha kuingilia bustanini, upande wa pili kimefunikwa na mwasumini. Mbunifu alikigundua siku aliyofuata harufu ya kitunguu. Akasema mtu aliyekuja kunusa asumini hapaswi kunusa mchuzi, kwa hiyo kizibwe. Matofali yakaletwa. Kobe akaahidi kuziba kesho, na kesho hiyo ikachukua miezi mitatu. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, akayapanga matofali kando ya jiko, akaweka mto juu, akawa anakalia.

Siku ya ufunguzi, Kobe aliwekwa ndani ya bustani peke yake, ndani ya shati jipya lililomkaba shingo. Kazi yake ilikuwa kuvuta komeo la lango na kutabasamu. Nje walisimama wageni themanini juani. Mgeni rasmi, naibu meya, mama mnene mwenye sauti ya mkutano, akakata utepe na kusukuma. Lango halikutikisika. Lilikuwa limepakwa rangi mara ya tatu jana yake, na rangi ilikuwa imekaukia katikati ya milango miwili na kuigandisha ikawa kitu kimoja. Wanaume wakatia mabega. Naibu meya akavua viatu, akatia lake. Fundi rangi alipopigiwa, simu haikupatikana.

Kobe alikuwa ameshavuta komeo. Hakuna ambaye angemlaumu. Akawaza kwamba wakiondoka leo huenda wasirudi tena, akajikuta anaiombea ile rangi izidi kushika. Ndipo akasikia sauti ya Mbunifu kwenye ufa wa lango, chini chini.

"Mzee, upo?"

Kobe akasogea hatua moja karibu na ufa.

"Nilikudanganya. Hii ndiyo bustani yangu ya kwanza. Zile nyingine ziliishia kwenye karatasi."

Kobe akatazama mawaridi yake arobaini, ambayo kusema kweli yalikuwa yamependeza kule yalikohamia. Aibu ikamshika.

"Waambie wazunguke nyuma," akasema. "Wapite kwangu."

Kisha akakimbia. Mkewe, aliyekuwa anafua, aliliacha povu kwa mshangao.

Jikoni mama mkwe alikuwa amekalia matofali yake, miguu kwenye beseni la maji moto, anachambua maharage. Kobe alimwogopa mama huyu kuliko halmashauri nzima. Akamweleza, macho chini, kwamba watu themanini wanakuja kupita hapo.

"Wamekula?" akauliza mama mkwe. Miguu hakuitoa.

Ni yeye aliyewapanga foleni: mmoja mmoja, kila mtu afute viatu, yule mrefu ainame. Naibu meya alipoingia na kuamkia shikamoo, aliitikiwa marahaba na kuambiwa, "Nisogezee hilo sufuria, mwanangu, linaungua." Naibu meya akalisogeza, hotuba yake ameikunja kuwa kishikio. Baadaye ukurasa wa pili haukusomeka kwa masizi, hotuba ikaisha mapema, na watu wakapiga makofi mengi kuliko walivyokusudia.

Waliotoka gizani jikoni kupitia mwasumini walisimama papo hapo. Bwawa lilikuwa mbele yao, maji na mawingu ndani yake, jambo ambalo Mbunifu mwenyewe alikuwa hajaliona kutokea upande ule. Kobe alisubiri wa kwanza kukata njia. Watu wakazunguka. Kila kona wakasimama, wakaguna, wakaendelea. Ni dereva wa naibu meya peke yake aliyekata katikati, na Kobe alimwona mjinga.

Kisha mama mmoja akamuuliza kwa nini mkomamanga umeinama. Kobe akajibu. Akaulizwa la pili, akajibu kwa marefu, na mpaka saa tisa alikuwa bado anawatembeza, kwa mwendo wake uleule, watu thelathini nyuma yake wakihesabu hatua.

Jioni mkewe alimuuliza siku imekwendaje. Akafungua mdomo, ukatoka upepo.

"Miaka yote nakuomba tuzungumze," mkewe akasema, akimkorogea maji ya chumvi ya kusukutua, "na maneno umekwenda kuyamaliza kwa watu usiowajua."

Kutoka jikoni mama mkwe akauliza kwa sauti kesho wataanza kupita saa ngapi, maana maharage hataki yaharakishwe.